Acheni kutuuzia vishikwambi kwa jina la laptopu

Wakuu, huu mchezo wa kumfungashia mteja kishikwambi na kibodi ya Bluetooth kisha kumwambia "hii ni laptopu kamili" umezidi. Tatizo haliko kwenye kibodi. Liko ndani, na muuzaji analijua.

RAM kwanza, ile kumbukumbu inayobeba programu zilizo wazi. Boksi linapiga kelele GB 12. Soma maandishi madogo: 4+8. Hizo 4 ndizo RAM. Hizo 8 zimemegwa kwenye hifadhi, na kwa vishikwambi vya bei ya chini hifadhi yenyewe mara nyingi ni eMMC, chipu ya bei rahisi ambayo kasi yake haisogelei ya RAM hata kidogo. Ndiyo maana unajaza fomu kwenye Chrome, unahamia Word kunakili namba, ukirudi ukurasa unajifungua upya na ulichojaza hakipo: Android imeifunga Chrome ili Word ipate nafasi. Kabla ya kutoa hela, ingia kwenye mipangilio, zima hiyo RAM ya nyongeza, kizime na kukiwasha upya, kisha fungua programu tatu na uwe unazirukia. Hapo utajua unanunua nini.

Halafu Microsoft. Kioo kikizidi inchi 10.1, bila kulipia Microsoft 365 unasoma tu, huhariri. Na vinavyonadiwa kwa "kazi za ofisi" ni vya inchi 11! Ukilipia, Excel ya Android bado haiendeshi makro, yaani vijiprogramu vilivyomo ndani ya faili. Wenzetu Kenya wanaowasilisha PAYE, kodi ya mishahara, wanaelewa: faili la P10 la mamlaka ya mapato, KRA, linataka makro ziwashwe, ubonyeze kitufe cha kuhakiki, ndipo litengeneze faili la zipu la kupandisha iTax, mfumo wao wa kodi mtandaoni. Kwa kishikwambi zipu hiyo huipati. Kutoa barua moja kwa majina 200 kwenye Word nako sahau.

Tundu ni moja tu, USB-C, lile lile la chaji. Ukitaka flashi na chaji kwa pamoja, tafuta habu inayopitisha umeme, yenye alama ya PD (Power Delivery). Na msidanganywe na umbo la tundu: Galaxy Tab A8, A9+ na S6 Lite ni USB 2.0, hazitoi picha kwenye skrini ya nje kwa waya, kwa hiyo waya wa HDMI utakaouziwa hapo hapo dukani ni hela ya bure. Tab S8 na S9 za kawaida zinatoa. iPad ya kizazi cha 10 inatoa picha, ila mafaili yanapita kwa kasi ya USB 2.0, Mbps 480, na ilitoka mwaka 2022! Flashi nayo iwe imefomatiwa kwa mfumo wa exFAT. FAT32 inakataa faili la kufika GB 4, na NTFS vishikwambi vingi haviisomi.

Printa ndiyo kichekesho. LaserJet 1020, ile iliyojaa kwenye stationari zetu, haina Wi-Fi, na kila ikiwashwa lazima kompyuta iipakie programu yake ya ndani ndipo ichape. Waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye kishikwambi, peke yake hauna msaada, maana Android haiji na dreva yake, programu ya kuiendesha.

Kwa PDF, Zoom na kuchora kwa kalamu, sibishi, kishikwambi ni kitamu. Lakini wauzaji, kwenye tangazo andikeni RAM halisi, toleo la USB, na kama kinatoa picha au hakitoi. Mnashindwa nini?