Bango la klabu ya sayansi: mashimo meusi ya awali au WIMP?

Mwl_Ujiji
Habari zenu wakuu. Klabu yetu ina hela ya bango moja tu na fundi anataka kazi kesho kutwa. Mada ni maada ya giza, ile isiyoonekana ila uvutano wake unahisiwa kwenye galaksi. Wapo wanaotaka mashimo meusi ya awali, yaani vitu vyenye uvutano ambao hata mwanga hauuponyoki, vinavyodhaniwa kuzaliwa ulimwengu ukiwa haujatimiza hata sekunde. Wengine wanataka WIMP, chembe nzito ambazo karibu hazigusani na chochote. Tuchape lipi?

Nyota_Kasulu
Mwalimu, hujasema ni kidato gani wala nani atalisoma. Lolote utakalochagua, anza na ushahidi. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walionyesha kwamba gesi ya pembezoni mwa galaksi ya Andromeda inazunguka kwa kasi ambayo haipungui kama ilivyotarajiwa, kana kwamba kuna uzito usioonekana unaoivuta. Asiyejua hilo atauliza mnatafuta nini.

Mtemi_Urambo
Mashimo meusi, sina la kujiuliza. Hayadai chembe mpya. Wanafizikia Zel'dovich na Novikov waliyawaza 1967, Hawking akafuata 1971. LIGO, wanaosikiliza mawimbi ya uvutano, waliponasa mgongano wa Septemba 2015, mashimo meusi mawili ya uzito wa kama Jua 36 na 29, wengi wakauliza kama si ndiyo hayo. WIMP zinasakwa na kifaa cha LUX-ZEPLIN kule South Dakota, Marekani, tani 7 za zenoni ya kimiminika chini kabisa ya ardhi, na hadi leo hazijaonekana.

Dagaa_Mwanga
Mkuu Mtemi, ya 2015 yamepoa. OGLE, mradi wa kupima mwanga wa nyota, wamelitazama Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kwa takriban miaka 20 wakivizia nyota inayong'aa zaidi kwa muda kwa sababu shimo limepita mbele yake na uvutano wake umekuza mwanga. Matokeo ya 2024 yanasema mashimo ya uzito huo hayawezi kuwa sehemu kubwa ya maada ya giza. Nafasi iliyobaki ni ya mepesi, ya uzito wa asteroidi. Na yaliyozaliwa na chini ya kilo bilioni 500 hivi yangeshayeyuka kwa mnururisho wa Hawking, yaani nishati ambayo shimo jeusi huvujisha polepole.

Mama_Nguruka
Mwanangu Mwl, fikiria watazamaji. Kuna shule moja mkoani hapa iliweka shimo jeusi kubwa kwenye bango, linameza sayari. Mzazi wa kwanza kusimama akauliza litafika lini huku. Mgeni rasmi naye akadakia, likawa ndilo jambo la asubuhi nzima. Binti mmoja alikuwa amechora kwa mkono grafu ya kasi za galaksi, mstari mwekundu umenyooka vizuri. Alisimama nayo mpaka magari yakaondoka, hakuna aliyemwita. Iliniuma sana. Wekeni WIMP, hazitishi mtu.

Mtemi_Urambo
Shikamoo mama. Hofu hiyo inajibika palepale. Shimo lenye uzito wa Dunia nzima lingekuwa na nusu kipenyo cha milimita 9 tu. La asteroidi halifikii unene wa unywele, na kwa mbali linavuta sawa na jiwe la uzito uleule.

Mama_Nguruka
Marahaba. Andikeni hayo kwa herufi kubwa, basi.

Tabora_Mjini
Samahani kuingilia, hilo Wingu la Magellan sisi tunaliona?

Dagaa_Mwanga
Tena kwa macho matupu. Tazama kusini Septemba, kama saa kumi na moja alfajiri. Desemba linapanda usiku mapema, ila mvua. Tatizo la Septemba ni moshi wa mapori. Na huku ufukweni, mwezi ukiwa gizani ndipo taa za wavuvi zinapojaa ziwani.

Tabora_Mjini
Basi huku kwetu ni bora, hatuna ziwa.

Nyota_Kasulu
Mna moshi kutuzidi. Njooni milimani Kasulu.

Mwl_Ujiji
Asanteni. Ni kidato cha tatu, na wazazi watakuwepo. Naelekea kwenye mashimo meusi pamoja na grafu ya Rubin, lakini wenzangu bado wamegawanyika. Fundi anasema bango la rangi nyeusi yote ni bei zaidi.

Nyota_Kasulu
Futi ngapi kwa ngapi, mwalimu?