Mitambo ya dizeli ikizimwa, wafanyakazi wa Kipevu watendewe vipi?

Mkaazi wa Changamwe: Ndugu zangu, kwa kuwa umeme mwingi wa Kenya sasa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, mitambo ya Kipevu na Rabai, hapa pwani, inayozalisha umeme kwa mafuta, haitadumu milele. Sheria inamlinda vipi fundi aliyemalizia ujana wake humo?

Wakili: Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe ilani ya angalau mwezi mmoja kwa chama chao na kwa afisa wa leba, kisha alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Hicho ni kiwango cha chini tu. Chama kinaweza kudai zaidi.

Fundi mstaafu: Fedha hizo huisha upesi, ndugu wakili. Mafunzo yaanze mitambo ingali inanguruma, kwani anayezifahamu transfoma na swichi za umeme mkubwa haanzi upya akipelekwa kwenye paneli za jua. Vibarua wa wakandarasi nao, ambao kwa kawaida husahaulika, wahesabiwe.

Mkaazi wa Changamwe: Ahsanteni. Suala la vibarua nitaliwasilisha chamani.