1911 ya .45 ACP: springi nzito inatosha kupiga .45 Super, au nichukue seti ya vipuri (kit) ya .460 Rowland?

mtu_wa_dallas

Wakuu, habari za leo. Bastola ni 1911 ya chuma tupu, mtutu wa inchi 5, .45 ACP ya kawaida, mtutu wake ni uleule wa kiwandani. Matumizi ni kuwinda nguruwe mwitu hapa Texas. Nimeshauriwa nifunge springi ya slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi) ya pauni 22 badala ya 16, halafu nipige .45 Super, yaani risasi ya umbo lilelile yenye presha kubwa zaidi, bila wasiwasi. Wengine wanasema niruke moja kwa moja hadi .460 Rowland, yenye nguvu kuliko zote hizo. Naomba mnieleze kinachobadilika ndani ya bastola, na wapi huwa panaharibika.

fundi_chuma

Mkuu, tuanze na namba. Kikomo cha presha cha .45 ACP ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 21,000. Ya +P, yaani ACP iliyoongezwa presha kidogo, ni 23,000. Ya .45 Super inatajwa kuwa 28,000, na Rowland ni kama 40,000. Risasi ya greni 230 hutoka kwa kasi ya karibu futi 830 kwa sekunde katika ACP, kama 1,100 katika Super, na hupita 1,300 katika Rowland.

Sasa usije ukasema "mbona 9mm ina psi 35,000 na haipasui kitu?" Nguvu inayoisukuma slaidi nyuma ni presha mara eneo la kitako cha ganda kwa ndani. Ganda la .45 lina kipenyo cha ndani cha kama inchi 0.43, kwa hiyo ACP inasukuma kwa takriban pauni 3,000. Piga hesabu hiyohiyo kwa 9mm, kipenyo cha kama 0.35, utapata pauni 3,400 hivi. Zinakaribiana. Lakini Rowland kwenye ganda pana la .45 inafika karibu pauni 5,800, na meno ya mtutu ya 1911, yanayoufunga kwenye slaidi, ndiyo yanayobeba mzigo wote huo.

Springi haihusiki hapo kabisa. Presha inapofika kileleni risasi bado iko karibu na chemba na slaidi haijasogea cha maana. Springi inakuja kazini baadaye, kupunguza kasi ya slaidi ikirudi nyuma. Aliyekwambia springi ya 22 inaongeza uwezo wa presha amechanganya mambo mawili.

ganda_tupu

Fundi kamaliza upande wa chuma. Mimi naongeza upande wa shaba, yaani ganda la risasi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia.

Katika 1911 ya muundo wa asili, mteremko wa kuingizia risasi umechongwa kwenye fremu, na mtutu umekatwa kidogo upande wa chini wa chemba ili risasi ipande vizuri. Sehemu hiyo ya ganda, karibu na kitako, haina chuma nyuma yake. Kwa psi 21,000 shaba inavumilia. Ukipandisha, inatuna kama shavu lililojaa hewa, na ikipasuka moto wote unashuka kwenye magazini: magazini inaruka chini, vibao vya mpini vinapasuka, na vidole viko hapohapo.

Kwa hiyo kabla ya kununua springi yoyote, toa mtutu, dondosha risasi ndani ya chemba na uitazame kwa upande wa chini. Ukiona ukuta wa ganda ulio juu ya sehemu nene ya kitako umebaki wazi, mtutu huo ni wa ACP tu. Usijadiliane nao.

Jambo la pili: .45 Super ina vipimo vya nje vilevile vya ACP. Itaingia kwenye bastola yoyote ya .45, hata ya babu. Rowland walilikwepa hilo kwa makusudi: ganda lao ni refu zaidi, inchi 0.955 dhidi ya 0.898, kwa hiyo haiingii kikamilifu kwenye chemba ya ACP. Mwenye Super aziweke kwenye sanduku lake peke yake, na alama kubwa. Na anayejaza risasi nyumbani asitumie maganda ya ACP kwa Super: ganda la Super ni nene zaidi kwenye kitako, na ndiyo sababu likatengenezwa.

mtu_wa_dallas

Nimetazama, sehemu kidogo ya ganda inaonekana. Basi Super kwa mtutu huu nimeacha. Seti ya Rowland inabadilisha nini hasa?

fundi_chuma

Mtutu mpya wenye chemba inayolishika ganda vizuri zaidi, kompensata (kipande chenye matundu ya kutolea gesi) mbele, na springi ya pauni 22 hadi 24. Kompensata si pambo. Uzito wake unachelewesha mtutu na slaidi kuachana, na gesi inayotoka mbele inauvuta mtutu upande wa pili wa teke. Ukiitoa ili bastola iingie kwenye ala, umeondoa breki.

Mtutu kama huo huuzwa kwa maneno "unaingia bila kuchonga". Usiyaamini kabla ya kupima:

- Risasi idondoke kwenye chemba kwa uzito wake na itoke hivyohivyo.
- Pima nafasi ya kitako cha ganda kwa geji za Rowland (vipande vya chuma vya kupimia chemba). Ya chini ifunge, ya juu isifunge.
- Paka meno ya mtutu wino wa kalamu nene, funga slaidi kwa mkono mara kadhaa, fungua. Wino ufutike kwenye meno yote, si jino moja. Jino moja likibeba mzigo peke yake litakatika, kisha linalofuata.
- Slaidi ikirudi nyuma, mtutu ukae kwenye fremu. Usining'inie kwenye kiungo chake cha chini, maana kitakatika.

Kimoja kikishindwa, peleka kwa fundi wa bunduki. Na usichukue mtutu wako wa ACP ukaurefusha chemba kuwa Rowland: utapata chemba ndefu yenye upungufu uleule wa chini.

slaidi_nzito

Naunga mkono, ila springi ya 24 ina gharama yake. Slaidi inarudi mbele kwa kishindo, inagonga kizuizi cha slaidi na miguu ya mtutu kila risasi. Pia inaweza kuipita magazini kabla risasi inayofuata haijapanda, ndipo unapata chemba tupu au risasi iliyosimama wima. Dawa ni springi imara za magazini.

Njia ya busara zaidi ni kuichelewesha slaidi mwanzoni. Badilisha kibamba kinachoshika pini ya kupigia, weka chenye kona kali chini badala ya mviringo mkubwa. Nyundo inakuwa ngumu kusukumwa, kwa hiyo slaidi inaanza taratibu, na springi inaweza kupungua pauni kadhaa. Kinachongwa kwa mkono ili kikae, si cha kuchomeka tu.

Halafu soma maganda. Fataki (kidude cha kuwashia kwenye kitako cha ganda) yenye mkwaruzo upande mmoja inasema mtutu unashuka mapema. Ganda lenye uvimbe chini, simama hapohapo. Yakiruka mbali kuliko futi 10 hivi, springi imechoka au ni nyepesi. Kagua fremu juu ya tundu la kizuizi cha slaidi; ufa mara nyingi huanzia hapo.

ganda_tupu

ACP kwenye mtutu wa Rowland itafyatuka, ila ganda fupi linashikwa na kulabu ya kutolea tu, na linaacha pete ya masizi mbele ya chemba. Sugua kabla ya kurudi kwenye Rowland, la sivyo ganda refu halitakaa na mdomo wake unaweza kubana risasi. Presha hupanda ghafla hapo.

Na kwa wanaosoma wakiwa Kenya au Tanzania: haya ni ya Marekani. Kwenu silaha imeandikwa kwenye leseni kwa aina yake ya risasi, kwa hiyo kubadilisha mtutu si jambo la mezani nyumbani.

mtu_wa_dallas

Nimeelewa. Geji kwanza, halafu fundi. Kama fremu si ya kuaminika, nauza hii nanunua bastola ya risasi za 10mm.

slaidi_nzito

10mm ni psi 37,500 na imetengenezwa hivyo tangu kiwandani. Kwa nguruwe, mimi ningeanzia hapo.