Mama anataka kuacha vidonge vya sukari kwa sababu ya mlonge na karela. Nifanye nini?

BintiMuheza aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu wenye ujuzi au waliopitia jambo hili, kwa maana nyumbani kwetu tumefika mahali ambapo kila mtu ana neno lake.

Mama yangu ana umri wa miaka 64 na ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka tisa. Kliniki ilimwandikia metformini asubuhi na jioni, pamoja na glibenklamidi kila asubuhi, na kwa muda mrefu sukari yake kabla ya kula ilikuwa kati ya 9 na 12 (milimoli kwa lita). Miezi miwili iliyopita jirani yetu, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima unamheshimu, alimletea unga wa majani ya mlonge na kumfundisha kusaga karela mbichi, lile tunda chungu la mboga, na kunywa maji yake kila jioni. Tangu hapo mashine inasoma 6, wakati mwingine 5, na Mama anasema waziwazi kwamba sasa ameipata dawa ya kweli, na kwamba vidonge vya hospitali vitamharibu figo kama vilivyomharibu marehemu shangazi.

Jumanne iliyopita, alfajiri, nilimkuta ameketi kitandani, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, na akaniita kwa jina la dada yake. Nilimpa chai yenye sukari nyingi akarudi katika hali yake. Jirani aliposikia alisema kwamba ile ni sumu ya vidonge inayotoka mwilini, na Mama alimwamini.

Je, dawa hizi mbili zinaweza kwenda pamoja? Ni kweli kwamba vidonge vinaharibu figo? Na nitazungumzaje na Mama bila kuonekana ninamdharau yeye na jirani yake?

NesiMstaafu alijibu:

Mwanangu, nimefanya kazi katika kliniki ya kisukari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitaanza na ile alfajiri ya Jumanne kwa sababu ndiyo inayonitia hofu. Ile haikuwa sumu inayotoka mwilini. Kwa dalili ulizozitaja, sukari ya Mama ilishuka kupita kiasi, na kuchanganyikiwa hadi kukuita kwa jina la mtu mwingine ni ishara kwamba ubongo ulikuwa umeanza kukosa chakula chake. Wewe ulimwokoa kwa chai ile.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala, na nguvu yake inaweza kuendelea kwa siku nzima. Karela nayo ina uwezo wake wa kushusha sukari, kwa hiyo anapokunywa maji yake jioni, akala chakula kidogo, kisha akalala kwa muda wa saa nane, zinakutana dawa mbili zinazovuta upande mmoja katika saa ambazo hakuna mtu anayemtazama. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hali hiyo. Tena, orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliovuka umri wa miaka 60, na ipo dawa ya jamii hiyo hiyo, gliklazidi, iliyo salama zaidi kwao. Hilo ni jambo la kumuuliza daktari wake wiki hii, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Ikitokea tena, mpime haraka kama mashine iko karibu. Ikisoma chini ya 4, au kama huna mashine na dalili ni zile zile, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, subiri dakika 15, pima tena, na akipata nafuu mpe chakula cha kweli kama mkate au viazi. Usimwache peke yake siku hiyo, kwa sababu kwa mtu anayetumia glibenklamidi sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Akipoteza fahamu, usimtilie kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitalini.

Kuhusu figo, kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na huwa inaniuma kwa sababu imewapeleka watu wengi kaburini mapema. Kinachoharibu figo ni sukari iliyokaa juu kwa miaka, ikisaidiana na shinikizo la damu. Metformini haiziharibu, lakini hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo figo zinapodhoofika daktari huipunguza, na zikidhoofika sana huiondoa kabisa isije ikajikusanya katika damu. Familia huona mgonjwa ameambiwa aache metformini, kisha wanasikia kwamba figo zimeharibika, na wanaunganisha mambo hayo mawili kinyume na yalivyotokea. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa marehemu shangazi yenu. Kama Mama anazihofia figo zake, na ana haki ya kuzihofia, aombe kupimwa protini katika mkojo na kreatinini (taka ambayo figo huisafisha) katika damu angalau mara moja kwa mwaka. Wakati huo huo aombe kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwa sababu sukari ya 6 ya asubuhi haielezi kinachotokea baada ya ugali wa mchana.

MzeeWaKorogwe alijibu:

Ninaishi na kisukari tangu mwaka 2009, na ninaandika haya ili Mama ayasikie kutoka kwa mgonjwa mwenzake.

Mimi niliacha vidonge kwa miezi mitano. Mtu aliyeniuzia dawa ya mizizi aliniambia nisichanganye, na kwa kuwa wiki mbili za kwanza nilijisikia mwepesi, niliacha hata kujipima. Niliona kupima ni kuitilia dawa shaka. Sikuhisi maumivu yoyote. Huo ndio mtego wa ugonjwa huu: sukari inaweza kukaa kwenye 15 na mtu akalima, akaenda sokoni, akacheza na wajukuu. Nilichokuja kukigundua ni harufu. Nilikuwa nimekanyaga msumari mdogo uliopenya ndala, na kwa sababu nyayo zangu zilikuwa zimekufa ganzi, nilitembea na kidonda kwa siku nyingi bila kujua. Nilipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Kwa hiyo mruhusu mzee mwenzake amshauri. Kila jioni mimi huosha miguu kwa maji ya uvuguvugu ambayo mke wangu ameyapima kwanza kwa kiwiko, ninaikausha hadi katikati ya vidole, kisha ninaitazama juu na chini. Nyayo ninazitazama kwa kioo kilichowekwa sakafuni. Siendi hata chooni bila viatu, ninakung'uta viatu kabla ya kuvivaa, sioti moto wa jiko la mkaa hata katika baridi ya Julai, na sugu sizikati kwa wembe. Kazi hiyo inachukua dakika kumi, na hakuna mmea wowote ninaoujua unaoweza kuifanya badala yangu.

Neno la pili ni kuhusu chakula, kwa sababu humo ndimo tunamojidanganya zaidi. Watu wengi wameacha sukari ya mezani wakahamia kwenye asali, wakiamini kwamba ni dawa, ilhali asali inapandisha sukari vilevile. Wengine wanakunywa uji wa ulezi vikombe vitatu kwa kuwa waliambiwa ulezi ni chakula cha wagonjwa wa sukari. Ulezi ni mzuri, lakini ukisagwa laini na kupikwa uji mwepesi, unafika kwenye damu upesi. Mimi nilijifunza kwa mashine yangu mwenyewe: nilipima kabla ya kula na saa mbili baadaye, nikaandika kwenye daftari, na daftari hilo likanifundisha kuliko mtu yeyote. Sasa nusu ya sahani yangu ni mchicha, matembele au kisamvu, robo ni maharage, kunde au samaki, na ugali wa dona ni kiasi cha ngumi yangu. Ninajua stripu, vile vijikaratasi vya mashine ya kupimia, ni ghali, na kuna wiki ninazopima mara mbili tu, lakini nazipanga katika saa zenye kuniambia kitu.

MjukuuWaMganga alijibu:

Nimezaliwa Lushoto katika nyumba ya tiba asili. Babu yangu alikuwa akitibu kwa miti, na mimi nimeendelea na kazi hiyo kwa kibali, kwa hiyo ninaipenda na ninataka iheshimiwe. Ndiyo maana ninasema kwamba jirani hajamfanyia Mama ubaya kwa kumpa mlonge na karela. Amekosea kumpa bila kipimo na kwa kuyaita mambo ya hatari majina ya kufariji.

Wanaotenganisha mti na kidonge kama maji na mafuta wanasahau kwamba metformini yenyewe ina asili ya mmea. Katika Ulaya ulikuwapo mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika tangu zamani kwa watu waliokuwa wakikojoa kupita kawaida. Kiini chake kilishusha sukari lakini kilikuwa na sumu, wataalamu wakatafuta kemikali za jamii yake zisizo na ukali huo, na mwaka 1957 daktari wa Kifaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa metformini. Kazi iliyofanyika kati ya mmea na kidonge ni kazi ya kupima: ni kiasi gani, kwa nani, mara ngapi. Karela ya Mama haijapimwa hivyo. Tunda moja si sawa na jingine, na karela changa haina nguvu ile ile ya karela iliyokomaa.

Majani ya mlonge kama mboga hayana shida kwa watu wengi. Uwatu, ambao wengi wetu tunautumia, una nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, lakini unaweza kuchelewesha vidonge pia, kwa hiyo viachanishwe kwa saa kadhaa. Unga usiojulikana ndani yake una nini, uliofungwa kwenye mfuko usio na jina la mtengenezaji, ninamsihi Mama asiuguse. Mwaka 2008 nchini Singapore watu walilazwa hospitalini, na baadhi yao wakafariki, kwa kutumia dawa za kuongeza nguvu za kiume ambazo ndani yake kulikuwa kumetiwa glibenklamidi kwa siri. Fikiria dawa ya aina hiyo inapouzwa kwa mgonjwa wa sukari: itashusha kweli, naye atasimulia kwa majirani kwamba miti imemponya.

Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Kumuuliza mganga namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Mganga anayemwambia mgonjwa aache insulini au vidonge, huyo mkimbieni, hata kama ni ndugu. Tulikwisha kuona mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 ambacho kilisemekana kuponya kisukari miongoni mwa maradhi mengine. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kuacha insulini kunaweza kuua ndani ya siku chache.

Kuhusu kuzungumza na Mama, usianze na neno "acha". Mwombe akuruhusu kubeba karela, mlonge na vidonge vyote katika kikapu kimoja hadi kliniki, avieleze mwenyewe mbele ya daktari.

BintiMuheza alijibu:

Ninawashukuru kwa moyo wote. Shikamoo Mama Nesi, shikamoo Mzee.

Nilimsomea Mama majibu yenu jioni, tukiwa jikoni. Aliponyamaza kwa muda mrefu nilidhani amekasirika, lakini aliniomba nirudie kisa cha Mzee cha msumari, kisha akavua ndala na kunionyesha mpasuko kwenye kisigino ambao hakuwahi kumwambia mtu.

Ijumaa tulikwenda kliniki na kikapu. Jirani alifuatana nasi. Nilimwomba mimi mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua kiasi cha karela alichokuwa akikisaga. Daktari aliwasikiliza wote wawili bila kuwakaripia, akaondoa glibenklamidi na kuandika gliklazidi kwa kiasi kidogo, akasema metformini iendelee, na akamtaka Mama aache maji ya karela kwanza hadi vipimo vya figo na cha wastani wa miezi mitatu vitakaporudi. Mlonge amemwachia, kwa sharti upikwe kama mboga. Kisigino kilisafishwa na kufungwa, na tumeambiwa turudi Jumatatu.

Nimenunua daftari. Kurasa za kwanza jirani ndiye aliyezichora mistari, kwa kuwa ana mwandiko mzuri kuliko sisi sote, na jana asubuhi aliandika mwenyewe: kabla ya kula, 7.4.