Mrejesho: tachi iliyokuwa inakufa sekunde 30 baada ya ubao kuwaka

Wakuu, nilileta shida ya tachi (skrini ya kugusa) yenye chipu ya GT911: ubao wa elektroniki ukiwaka inafanya kazi, baada ya sekunde kama 30 inakufa. Nimeshaipata. Kwenye dts (faili linaloiambia keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ubao una vifaa gani) sikuandika umeme wa tachi unatoka wapi, hivyo keneli ikaipa regyuleta (kidhibiti umeme) ya bandia na kuendelea. Umeme wenyewe uliachwa umewashwa na butiloda (programu inayotangulia keneli). Keneli ilipoona LDO3, regyuleta halisi inayolisha tachi, haina kifaa kilichoandikwa kuitumia, ikaizima. dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa keneli) ilisema wazi, "ldo3: disabling", mimi nahangaika na nyaya! Nimeongeza AVDD28-supply na VDDIO-supply, mistari inayotaja umeme wa tachi unatoka wapi, kwenye nodi (sehemu) ya tachi ndani ya dts, imetulia tangu jana. Aliyenishauri niweke regulator-always-on (regyuleta iwake muda wote), kweli inasaidia, ila LDO haizimwi tena hata tachi isipotumika, na mimi natumia betri.