Mnaosema kifungo cha nyumbani ni likizo, someni masharti yake kwanza

Nimevumilia vya kutosha. Kila mtu maarufu anapowekwa chini ya kifungo cha nyumbani, maneno huwa ni yale yale: kwamba amebembelezwa, kwamba anakula na kulala kwake bila bughudha. Wanaoyasema sidhani kama wamewahi kusoma karatasi moja ya masharti.

Kwa kawaida amri ya kumzuia mtu nyumbani kwake hutolewa na mahakama, ama kwa mshtakiwa anayesubiri kesi badala ya kukaa mahabusu, ama kwa aliyekwisha kuhukumiwa, na ukali wake hutofautiana mno. Katika mahakama za shirikisho za Marekani kuna anayetakiwa kuwa ndani saa fulani tu. Kuna anayetoka kwa kazi, masomo, ibada au matibabu baada ya kuidhinishiwa. Na kuna asiyetoka kabisa ila kwa matibabu, mahakama au jambo lililoruhusiwa mahususi. Nyinyi wote hao mnawatupa kapu moja.

Hebu tuuangalie huo mkanda wa kielektroniki anaofungwa kifundoni ili afuatiliwe alipo. Ule unaotumia setilaiti huhitaji kuchajiwa mara kwa mara, na kwa kuwa hauvuliwi, mtu huketi karibu na soketi, mguu umeunganishwa na waya, mpaka betri ijae. Ikiisha chaji, anayefuatilia huona tu kwamba mawasiliano yamepotea, na mwenye mguu ndiye wa kujieleza. Aliyeruhusiwa kwenda hospitali akipitia dukani njiani bila idhini amevunja sharti, na anaweza kuishia gerezani kwa sababu hiyo.

Na wale anaoishi nao? Maafisa hubisha hodi wakati wasioutarajia, wageni huweza kukatazwa, pengine hata simu na intaneti, na kila kinachohitajika nje lazima atumwe mwingine. Hao hawakusomewa shtaka lolote, lakini wanatumikia.

Kinachonikera kuliko yote ni hesabu ya siku. Nchini Italia, mshtakiwa aliyezuiliwa nyumbani huhesabiwa kuwa yuko kizuizini, na siku zake hupunguzwa kwenye adhabu. Uingereza, aliyekuwa na dhamana yenye mkanda na amri ya kubaki ndani angalau saa 9 kwa siku hupunguziwa nusu siku kwa kila siku. Kwingine hapunguziwi chochote. Kama ni likizo, kwa nini Waitaliano waiite kizuizi?

Tena hayo ni ya mahali ambapo kuna karatasi ya mahakama. Mwaka 1962 serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilimfungia mwanaharakati Helen Joseph nyumbani kwake kwa amri ya waziri, bila hakimu yeyote kumtia hatiani. Nchini Uganda, baada ya uchaguzi wa Januari 2021, askari walizingira nyumba ya Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, mpaka Mahakama Kuu ikaamuru waondoke. Pasipo amri yoyote iliyoandikwa, kama hapo Uganda, mtu hajui lini itakwisha wala akate rufaa dhidi ya nini, na hapo ndipo nashangaa zaidi kuwasikia watu wazima wakiuliza analalamikia nini ilhali yuko kwake.

Anayetaka kunipinga anijibu kwanza: huyo mnayemwonea wivu, amri yake ilisainiwa na nani, inakoma lini, na siku anazokaa humo zinahesabiwa wapi?