Sherehe ya Mwalimu, 30 Aprili (kikundi cha familia)

JUMAPILI

07:12 Nalongo: Asalaam aleikum familia. Leo nataka majibu ya maneno, siyo vidole gumba. Ukumbi wa Kampala wanataka jibu la mwisho Jumanne. Kuna lori, kuna fundi wa kinanda, na kuna maelezo ya Mwalimu kwenye programu. Nani anafanya nini?

07:15 Nalongo: Tarehe haibadiliki. 30 Aprili ndiyo Siku ya Kimataifa ya Jazi, UNESCO waliipitisha 2011 na dunia nzima inapiga siku hiyo. Mtu aliyepiga jazi Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kisha akafundisha watoto wa Jinja mpaka nywele zikawa nyeupe, hawezi kuikalia nyumbani kama siku ya kawaida.

08:40 Nalongo: Naona mmesoma watu kumi na moja.

09:05 Shemeji Mbale: Waleikum salaam Nalongo. Mimi nitaleta malewa, machipukizi ya mianzi ya kwetu.

09:06 Mama Pacha: Malewa na pilau wapi na wapi shemeji 😂

09:08 Shemeji Mbale: Hujala malewa ya karanga wewe. Ukila utaacha pilau Bombo.

09:09 Binamu Arua: Pilau ya Bombo haiachwi. Tuheshimiane.

09:10 Mama Pacha: Basi tupige kura 😂😂

09:14 Nalongo: Chakula baadaye jamani. LORI. Kinanda kile ni cha kusimama, kilo zaidi ya mia mbili, na huu ni msimu wa mvua ndefu. Kutoka Jinja mpaka hapa ni kilomita 80, na foleni ya Lugazi na Mukono mnaijua. Kikilowa tumekwisha.

09:16 Shemeji Mbale: Boda mbili, moja mbele moja nyuma.

09:16 Mama Pacha: 😂😂😂

09:21 Nalongo: Shemeji, tafadhali.

09:48 Kijana Makerere: Senga Nalongo, shikamoo. Kinanda kikihamishwa kinatakiwa kikae mahali pake kama wiki mbili ndipo kipigwe tuni, mbao zizoee hewa ya pale. Ukikituni siku ya kushuka kwenye lori, keshokutwa A ya katikati haiko tena 440. Na zimebaki wiki mbili na ushei tu.

09:50 Nalongo: Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nawasumbua tangu alfajiri. Lori liondoke kesho.

10:02 Nalongo: Maelezo nimeanza hivi, mnirekebishe:
"Mwalimu alianza muziki kwenye bendi ya polisi akipuliza tromboni. Kinanda alijifunza mwenyewe Jinja kuanzia 1972. Baada ya 1979 alikwenda Kenya, akapiga kwenye hoteli za Nairobi na za pwani ya Mombasa, usiku swingi, jazi ya dansi, kwa wazungu, alfajiri taarabu na waswahili wenzake. Akapita Dar es Salaam. Alipiga na bendi za Wakongo, akavaa suti nyeupe, watalii wakamwomba nyimbo za kwao naye akazipiga. Alirudi Uganda 1986 na akawa mwalimu."

10:31 Kijana Makerere: Senga, naomba niseme. Hoteli umeziandika mistari mitano, kufundisha neno moja. Miaka ya hoteli ni saba. Miaka ya kufundisha ni yote iliyobaki.

10:33 Nalongo: Wageni wanataka kusikia alikopita.

10:44 Kijana Makerere: Sisi wanafunzi wake ndiko alikopita. Mimi nilikuja kwake na vidole vya kiboodi, mkono wa kushoto umekufa. Hakunipa kitabu. Alinipeleka kusikiliza embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga inayolazwa juu ya shimo, watu wamekaa pande mbili wanapishana. Tuliporudi akaniketisha kwenye kinanda, akasema kama kwenye amadinda, marimba ya Buganda: mkono wa kushoto ni omunazi, unaanza; wa kulia ni omwawuzi, unaingia kwenye nafasi ya mwenzake na haumgongi. Kisha yeye akasimama nyuma yangu akagonga noti mbili tu za juu, omukoonezi huyo. Nikasikia wimbo ambao hakuna mkono hata mmoja uliokuwa ukiupiga. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sijausahau.

10:46 Kijana Makerere: Hapo ndipo akanionyesha bluzi ya baa kumi na mbili, yaani vipimo kumi na viwili vya muziki. Alisema anayejua kumwachia mwenzake nafasi ameshajua nusu ya jazi.

10:52 Mama Pacha: Mashallah.

10:58 Shemeji Mbale: Hapa sifanyi mzaha. Harusini kwetu alipiga kadodi, ngoma yetu ya imbalu, ya tohara, kwenye kinanda. Kushoto ngoma, kulia ile jazi yake. Wazee wa imbalu walisimama wenyewe bila kuitwa.

11:20 Binamu Nairobi: Poleni nimechelewa, nilikuwa kazini. Andikeni pia ile sahani ya muziki ya Randy Weston, Uhuru Afrika. Alituchezea sote hapa Nairobi. Mpiga kinanda wa New York, mwaka 1960, ndani yake mtu anasoma shairi la uhuru kwa Kiswahili. Makaburu waliipiga marufuku 1964. Mwalimu alikuwa anasema, "Lugha yenu imeshafika huko, ninyi mnaona haya kuipigia muziki?"

11:23 Nalongo: Hii inaingia. Na wanafunzi waliofaulu mitihani ya muziki ya Associated Board ya Uingereza mpaka daraja la 8, Kijana niletee orodha. Sasa LORI. Kaka wa Jinja, uko kimya.

12:37 Kaka Jinja: Nipo. Nilikuwa namsaidia Mwalimu. Umeme ulikatika tangu jana, ile balbu anayoiweka ndani ya kinanda kukausha unyevu ilizimika, noti ya B fleti ya chini imeganda tena. Tumeipangusa.

12:38 Kaka Jinja: Kuhusu lori, mimi sikuulizwa.

12:40 Nalongo: Ndiyo nakuuliza sasa kaka yangu.

12:44 Kaka Jinja: Kinanda kile kimekaa kwetu Walukuba, hapa Jinja, miaka yote hiyo. Mlipokuwa Yei kule Sudan nani alikilinda? Nani alikuwa anajaza oili chafu kwenye vile vikopo vinne chini ya miguu yake mchwa wasipande? Baba yangu. Leo lori limeshakodiwa, mimi nasoma kwenye simu.

12:58 Mjomba Bombo: Baba yako alilinda, hakuna anayekataa. Lakini na ile hoteli tuseme? Watu wake walikuja kukipima na futi.

12:59 Kaka Jinja: Mjomba, usianze.

13:01 Mjomba Bombo: Sianzi, namalizia. Ndiyo maana ufunguo wa chumba kile unakaa kwangu mpaka leo.

13:02 Mama Pacha: Jamani ni Jumapili 🙏

13:03 Binamu Arua: Kwa hiyo pilau imepita?

13:05 Nalongo: Mjomba, kaka, nawaomba. Nimetoa malipo ya mwanzo ya ukumbi mfukoni mwangu. Mwalimu hajawahi kuomba kitu kwa mtu yeyote humu. Tukigombana, siku itapita, naye mwaka kesho hajulikani kama vidole vitakuwa na nguvu.

15:30 Kijana Makerere: Senga, niko kwa Bibi Hajati, ndugu yake Mwalimu. Nimemsomea yote. Anasema niandike anavyosema, nisipunguze.

15:41 Kijana Makerere: "Watoto wangu. Kinanda kile si cha Walukuba wala si cha Bombo. Na hata cha Mwalimu si chake. Wahindi walipopewa na Amin siku 90 waondoke, mama mwenye nyumba alimwita ndugu yangu, akampa ufunguo, akamwambia apige kila siku kisife. Miaka ya tisini waliporudi kudai nyumba yao, ndugu yangu alikwenda kwao kwa miguu yake kuwaambia kinanda chenu kipo. Wakalia wote. Wakamwambia kaa nacho maadamu unafundisha. Wale waliokipima na futi walikuwa wanapima amana ya watu, nilisema siku ile na ninasema leo. Bado anafundisha. Hakitoki Jinja. Anayetaka kumsikia, barabara ipo."

15:43 Mama Pacha: Sawa Mama.

15:50 Mjomba Bombo: Nimesikia, dada.

16:02 Kaka Jinja: Nimesikia, shangazi.

16:04 Binamu Nairobi: Hili la kuwafuata wenye nyumba sikuwahi kulisikia. Nalongo, hii ndiyo ianze kwenye programu.

16:15 Kijana Makerere: Bibi anasema hilo msiandike. Mwalimu mwenyewe hapendi litajwe.

16:48 Nalongo: Shangazi, nimepokea. Lori nitalirudisha. Lakini ukumbi una watu walioalikwa, wapo wanafunzi wake wanaotoka Kigali na Nairobi, tiketi wamekata. Naomba uniruhusu: tukodi kinanda cha umeme cha vibao 88 vizito hapa Kampala, Mwalimu apige saa moja tu, kisha Jumamosi yake twende wote Jinja.

17:20 Nalongo: Kijana, umemsomea?

17:26 Kijana Makerere: Nimemsomea. Amesema anakwenda kuswali.

17:30 Shemeji Mbale: Hiyo ni ndiyo au hapana?

17:31 Mama Pacha: Shemeji, nyamaza.

19:10 Nalongo: Basi. Fundi wa tuni anakuja Jinja Alhamisi hata kama Kampala haipo, maana ile B fleti haiwezi kungoja. Nauli yake natuma mimi, chakula na malazi naomba mchango, kila mtu anachoweza, leo. Maelezo naandika upya, kufundisha kwanza, hoteli mwisho. Ukumbi nitawapigia Jumanne asubuhi, nikiwa nimempigia Shangazi kwanza.

19:12 Binamu Nairobi: Nimetuma 50,000.

19:15 Shemeji Mbale: Nimetuma. Malewa ni nje ya hiyo.

20:33 Nalongo: Kaka, utampokea fundi stendi?

21:47 Kaka Jinja: Nitampokea. Mjomba alete ufunguo mwenyewe, asimpe mtu wa matatu.

22:05 Mjomba Bombo: Alhamisi nina kesi ya shamba. Tutaona.